Bushi Tatu

Mlango wa karakana yangu, Wete, mtaa wa Jadida,
una upana wa mita moja na sentimita themanini.
Nimeupima mara nne, kana kwamba
utepe utanionea huruma.

Mashine ya kwanza ni ya Kichina, mpya, nyeupe kama friji.
Ya pili imetumika, iko Dubai, ni ya Kijerumani,
ina kutu kidogo shingoni na kilo elfu tatu na mia mbili.
Niliyemuuliza bandarini alicheka tu.
Ya tatu iko Dar, imetoka Taiwani,
ndogo, bei kubwa,
kama mahari ya mtoto wa mwisho.

Sienisii, anaziita Raya, mtoto wa dada yangu.
Yeye ndiye aliyesoma haya.
Amejaza kurasa kumi na moja za daftari la skuli:
umeme wa njia tatu, kasi, uzito, vipuri,
na swali moja amelipigia mstari:
ikiungua saa mbili usiku, tunampigia nani?

Langu mimi halimo daftarini.
Kerezo langu la mnada limenizidi umri.
Skurubu yake imelegea: ukirudi nyuma
rudi nusu mzunguko zaidi, ndipo uje mbele taratibu,
kama unavyomwendea mtu uliyemkosea.
Mkono unajua. Sikio linajua
chuma kinataka kulia, kabla hakijalia.
Hiyo mpya, itasikia kwa nani?

Lakini mwezi wa mchumo, Faki Shehe
alitaka bushi arubaini, zote sawasawa,
na nilipofika ya kumi na tisa macho yakagoma.
Ya ishirini niliikosea kwa unywele.
Unywele! Kwenye shafti, unywele ni mlango.

Basi nikafanya ushamba wangu.
Nikachora bushi ya mashine ya kukunia nazi,
shaba, tundu milimita ishirini na tano,
nikawapelekea wauzaji wote watatu:
nikerezeeni hii, kisha tuzungumze bei.
Raya akaona haya. "Mjomba, watu hawanunui hivi."
Mimi dafu silinunui kwa picha.

Zikaja moja moja, ndani ya bahasha.
Ya kwanza ilikataa katakata kuingia.
Ya pili iliingia ikacheza,
jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Ya tatu niliishika juu ya shafti, nikaiachia.
Ikateremka polepole, ikisukuma pumzi chini yake,
ikakaa kama mgeni anayejua kukaa.
Raya alifunga daftari.

Nikampigia Kihwelo, Dar.
Nataka mashine iliyozaa hii.
Kimya. Salio linakwenda.
"Mzee, nisikufiche. Siku ile mashine iligoma,
ikatuandikia herufi nyekundu tu.
Tuna mzee wetu, Ndunguru, ana kerezo la mkono huko nyuma.
Hiyo ni yake."

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya ndoo ya mabaki.
Ilitengemaa lini?
"Kesho yake, saa nne. Fundi wetu alikuja mwenyewe.
Nikutumie moja iliyotoa yenyewe?"
Nitumie arubaini.

Usiku kucha nimeziteremsha, moja baada ya moja.
Thelathini na tisa zimekaa kama ile ya Ndunguru.
Moja imekwaruza kidogo. Nikaipenda hiyo moja:
imenionyesha kwamba hawakunichagulia.

Leo tunavunja ukuta, sentimita kumi na tano.
Deni ni la miaka mitano na mchumo hauna ahadi.
Kerezo la mnada nimelisogeza dirishani, silizimi,
na bushi ya mzee nisiyemjua
nimeitia kwenye funguo za mlango
ambao kesho hautakuwapo.